Kipimo cha Upande wa Kushoto

Fundi alipima mara ya kwanza, akaandika, akafuta. Akapima mara ya pili. Aliporudia mara ya tatu, mteja wake, aliyekuwa amesimama mbele ya kioo na mikono ameiachanisha kidogo na mwili, alimwuliza kama futi imelewa.

"Futi nzima, dada," Fundi akasema. "Macho yangu ndiyo yanazeeka."

Uongo ule ulitoka bila taabu, kama uzi kwenye kibiringo.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kufulia nguo, na joto la mashine za chini lilipanda sakafuni hata siku za baridi kali, kwa hiyo wateja hawakutetemeka wakivua. Kulikuwa na cherehani mbili, pasi ya mvuke, pazia la kijani na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alikuwa akiwashonea humo wanawake wa Asia ya Kusini, waliokuja ughaibuni wakifuata waume au wazazi, zile blauzi fupi za kuvaliwa na sari. Blauzi ya namna hiyo hukaa mwilini kama ngozi. Ikikosewa nusu sentimita, itavuta kwapani au itaacha pengo kifuani, na mwenye nayo atakutangaza mji mzima. Ndiyo maana Fundi hakuzungusha futi kifuani mara moja akaridhika, kama wafanyavyo mafundi wa makoti. Alipima bega hadi chuchu, kulia na kushoto, kisha chuchu hadi chuchu, kisha chuchu hadi kiunoni. Yote aliyaandika daftarini, kila mteja na ukurasa wake, mwaka juu ya mwaka.

Daftari hilo lilikuwa limemfundisha jambo ambalo hakusomeshwa na mtu. Mwanamke akishazaa na kuvuka arobaini, kipimo cha bega hadi chuchu huongezeka, kila mwaka kidogo. Wengine walimsihi aandike pungufu. Yeye aliandika kweli na kushona uongo, wakacheka wote, kazi ikaendelea. Lakini hakuwahi kuona kipimo hicho kikirudi nyuma. Titi la mwanamke wa miaka arobaini na sita halipandi. La huyu mteja, upande wa kushoto, lilikuwa limepanda upana wa kidole kizima tangu mwaka jana, na la kulia lilikuwa pale pale. Chini ya futi ngozi ilikuwa imeingia ndani, kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi uliokazwa mno, na nyuma ya ngozi hiyo kidole cha Fundi kiligusa kitu kigumu kisichosogea.

Aliondoa kidole. Akasema mkono wa blauzi wa mwaka huu watu wanapenda uwe mfupi.

Mteja huyo aliitwa Mama Vigae. Mumewe alikuwa na duka kubwa la vigae vya sakafu na vya bafuni. Mume aliuza, yeye aliamuru. Alikuwa na ulimi wa wembe. Wanawake walimchekea huku wakimwogopa. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, Mkubwa na Mdogo. Na siku ile ile, akiwa anavua koti lake nyuma ya pazia, alikuwa ametupa neno kwamba amemwona bintiye Fundi kwenye duka la miwani anakofanya kazi, na kwamba amependezwa na utulivu wake.

Neno hilo ndilo lililomfunga Fundi mdomo.

Binti huyo, waliyemwita Miwani tangu alipoajiriwa pale, alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake alikufa binti akiwa na miaka tisa. Mchana aliuza miwani, jioni alisoma ili awe mpimaji wa macho. Alikuwa mtoto wa mjane, hana kaka, hana mjomba mwenye jina. Familia tatu zilikuja kumtazama, zikanywa chai, zikasifu pazia, zikapotea. Fundi alikuwa amepiga pedali ya cherehani miaka yote hiyo akiwa na ombi moja tu, kwamba mwanawe aingie nyumba yenye watu kabla yeye mwenyewe hajafa. Sasa nyumba yenyewe ilikuwa imesimama mbele yake, nusu uchi, inamwuliza kuhusu futi.

Na ugonjwa ule kwa watu wao haukutajwa kwa jina. Walisema "ule ugonjwa", wakashusha sauti hata wakiwa peke yao. Nyumba iliyotajwa nao, mabinti wake hawakuposwa tena, kwa kuwa watu walisema umo kwenye damu. Mwanamke angekaa nao akaufunika kwa shali mbili na fulana, mpaka mabinti waolewe, ndipo aende hospitali. Wengi walikwenda hivyo, na hawakurudi. Fundi alijua kwamba mtu akimtamkia Mama Vigae neno hilo, posa itakufa siku hiyo hiyo. Ama ataambiwa amemtupia mwenzake mkosi, ama mwenzake atalazwa mwaka mzima na hakuna atakayefikiria harusi.

Jioni alipiga magoti kando ya cherehani. Alimwomba Mungu miezi minne tu, wakishafunga ndoa atasema. Aliahidi siku, akaahidi na saa. Alipoinuka alikuwa na utulivu moyoni, akadhani utulivu ule ni jibu. Mungu hakuwa amesema kitu. Aliyesema peke yake dakika ishirini nzima alikuwa yeye.

Siku ya pili yake wajumbe wa posa walifika.

*

Miwani hakuikataa posa, ila alikataa sharti. Mama Vigae alitaka mkwe wake akae nyumbani mwaka wa kwanza, aizoee familia, aache duka na masomo. Mtihani wa mwisho wa Miwani ulikuwa umebakiza miezi saba. Alimwomba mama yake aseme nao. Fundi alimjibu kwamba macho ya watu hayataisha, wataendelea kuharibika tu, na vyuo havihami. Waume ndio wanaohama. Akamwambia pia kwamba amechoka kuonewa huruma na wanawake anaowashonea. Hilo la mwisho lilimwingia binti. Alifunga vitabu vyake kwenye katoni, akaandika jina lake juu, akaiweka chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Kabla ya harusi alikuja nesi. Alikuwa mwenyeji wa nchi ile, mwanamke mnene mwenye begi la mgongoni, akipita saluni na maduka ya nguo. Alizungumza polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia, lakini alichosema hakikuwa cha kitoto. Alisema wanawake wa kwao Fundi huugua saratani ya matiti wakiwa wadogo kuliko wenyeji, na wanakuja kliniki wakiwa wamechelewa, uvimbe umeshakua, umeshahama. Alisema hospitali inawafuatilia ili ijue sababu. Kisha akamtazama Fundi na futi yake shingoni, akasema, "Wewe unawaona kabla yetu. Ukimwona mmoja tu, niletee. Sitauliza jina la ukoo."

Fundi alimkaribisha kiti, akamshukuru, akapokea bunda la karatasi zenye picha. Ilikuwa karatasi ngumu, nyeupe upande mmoja. Jioni hiyo aliitumia kukata kiolezo cha shingo ya blauzi ya Mama Vigae.

Wiki mbili kabla ya harusi Mama Vigae alikuja kujaribisha. Tofauti ilikuwa imefika vidole viwili. Ngozi ilikuwa na rangi ya zambarau iliyochakaa, yenye vitundu kama ganda la chungwa, na kwenye fulana kulikuwa na doa dogo la maji lililokauka. Fundi aliliona. Mama Vigae, kwenye kioo, alimwona Fundi akiliona. Wakaanza kuzungumzia maua ya ukumbini.

Fundi alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alishusha mshono wa kushoto, akaujaza sponji aliyoichonga kwa mkasi mdogo mpaka ikachukua umbo, akatia bitana mbili za pamba ili kitu kisipenye. Siku ya harusi Mama Vigae alitembea ukumbini kifua kimesimama sawasawa kama msichana, na wanawake wakamwuliza nani kamshonea. Alimwonyesha Fundi kwa kidole. "Huyu mikono yake inajua kutunza siri," akasema, na wote wakacheka, kila mmoja akikumbuka kitambi chake kilichofichwa na mshono.

Siku ile Fundi hakusema. Ilikuwa siku ya watoto. Kesho yake bwana harusi na mkewe walikuwa wamelala, si vizuri kuanza ndoa ya watu kwa habari mbaya. Wiki iliyofuata Mama Vigae alikuwa na mafua. Kila asubuhi Fundi alimweleza Mungu sababu mpya, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

*

Mwezi wa pili wa ndoa Miwani alikuja kumsalimia mama yake. Alikaa dakika kumi. Alinuka dawa ya kuua vijidudu, na kucha zake, alizokuwa akizitunza, zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama. Aliomba vipande vya pamba, laini, vilivyofuliwa mara nyingi, vingi kiasi atakachopata. Fundi alimjazia mfuko mkubwa. Hakuuliza ni vya nini. Binti naye alimtazama akivikunja kimoja kimoja, akasubiri kuulizwa, mpaka akaona haulizwi. Akabeba mfuko akaondoka.

Usiku wake Fundi hakuomba. Asubuhi alipiga moyo konde, akafunga chumba, akaenda kwa wakwe zake.

Nyumba ilikuwa juu ya duka la vigae, na ilikuwa kama duka lenyewe: ngazi za vigae, ukumbi wa vigae, kila hatua inalia. Mdogo alimfungulia mlango, akasema mama anaumwa jipu, limekataa kupona. Alisema hivyo kama mtu anayesema basi limechelewa. Mkubwa alikuwa mezani na daftari za chuo. Wote wawili walikuwa na kifua kile kile cha mama yao. Fundi aliwatazama akageuza macho.

Chumbani madirisha yalikuwa wazi, na bado harufu ilimpokea mlangoni. Mama Vigae alikuwa kitandani, amepungua nusu, macho peke yake ndiyo hayakupungua. Alimkaribisha akae mbali kidogo na akamwuliza safari hii kaja na futi au kaja mtupu.

Fundi alianza hotuba aliyoitunga njiani. Alisema mkwe wangu, kuna jambo, nilipaswa kulisema zamani. Alisema kuna nesi mzuri, haulizi majina. Mama Vigae alimwacha afike mwisho. Kisha akamwambia kwamba alishapelekwa hospitali wiki tatu zilizopita, alipozimia bafuni. Ulikuwa umefika kwenye mifupa na kwenye ini. Daktari aliuliza ni nani kwenye familia aliyewahi kuugua hivyo, naye alijibu hakuna.

"Mama yangu alikufa nao," akasema. "Akiwa na miaka arobaini na moja. Dada yake thelathini na nane. Sasa na wewe unajua, ingawa wewe hujui kitu mpaka uguse."

Fundi alitazama kidole chake.

"Ulipima mara tatu," Mama Vigae akaendelea. "Mimi nilikuwa nimeshaujua miezi sita kabla yako. Nilijua pia kwamba nitahitaji mtu wa kuniosha. Mabinti zangu sitaki wanione, watajua, na wakijua wao watajua watu. Nesi wa kulipwa ana mdomo. Nilitaka mkwe asiye na kaka wa kuja kumchukua. Nikasema, kwanza nimpe mama yake mwili wangu aupime. Akisema, basi ana moyo, na mwenye moyo hatanipa mtoto. Akinyamaza, mtoto ni wangu."

Akapumzika, kwa maana pumzi ilikuwa fupi.

"Kesho yake nikaleta posa. Usilie, mkwe. Mimi sikulia. Nilisimama pale nikikusubiri useme. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nakuambia ukweli wa Mungu, sijui ni lipi nililokuwa nalitaka zaidi."

Kisha alifika kwenye shida yake. Mkubwa ameshatazamwa na familia nzuri, na Mdogo atafuata. Mazishini itasemwa ni moyo. Moyo ni ugonjwa wa heshima. Anachotaka kwa Fundi ni kunyamaza kule kule, hakuna kazi mpya. Na Fundi akumbuke mwanawe analala chini ya paa gani.

"Umeshazoea," akasema, karibu kwa upole.

Miwani alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya moto. Nyuma yake walikuwa Mkubwa na Mdogo, waliovutwa na sauti za chumbani. Hakuna aliyejua wamesimama pale tangu neno gani.

"Mama," Miwani akasema. "Ulijua?"

Fundi aliona njia ya kutokea. Ilikuwa pana, ameipita mara nyingi. Angesema anajua jipu tu, na Mama Vigae angemsaidia, na maisha yangeendelea mpaka mazishi ya moyo. Alitamani kuomba kwanza. Safari hii alijua kwamba akiomba, atajipa muda.

"Nilijua," akasema. "Kabla hujaposwa. Niliugusa kwa kidole hiki."

Akawageukia wale wasichana wawili kabla nguvu hazijamwisha. Aliwaambia si jipu. Alitamka jina la ugonjwa, kwa sauti ya kawaida, na neno hilo lilisikika geni chumbani kama tusi. Aliwaambia bibi yao alikufa nao akiwa na miaka arobaini na moja, na dada ya bibi thelathini na nane, na mama yao amemficha daktari jambo hilo. Aliwaambia waende wakapimwe kliniki, kwa nesi asiyeuliza majina.

Mama Vigae hakupiga kelele. Alimlaani Fundi taratibu, kiungo kwa kiungo, mikono kwanza. Mdogo alianza kulia. Mkubwa alikuwa ametoa macho tu, mkono wake mmoja umeshika kwapa lake bila yeye kujua.

Miwani aliweka beseni chini, hakumwaga hata tone. Alimshika mama yake kiwiko, akamtoa mpaka mlango wa nje. Fundi alimwambia afungashe, waende nyumbani, vitabu vyake bado vipo chini ya meza, mtihani upo mwakani. Alisema haraka haraka, akirukia neno juu ya neno.

"Mume wangu alijua," Miwani akasema. "Baba mkwe alijua. Mama mkwe alijua, na wewe ulijua. Ukumbi ule wote, mgeni nilikuwa mimi."

"Nilitaka upate pa kukaa, mwanangu."

"Nimepapata. Maji yanapoa, ngoja nikamwoshe." Alikuwa ameshashika mlango. "Usije tena, mama. Yule ananitesa, lakini si yeye aliyenizaa."

Mlango ulifungwa bila kishindo. Fundi alibaki kwenye ngazi, ameshika ukuta wa vigae, baridi ikimpanda mkononi. Alikaa chini. Alijaribu kusema "Mungu wangu" likatoka "wangu" peke yake.

Baada ya muda mlango ulifunguka, akainua uso upesi. Alikuwa Mkubwa. Amevaa koti juu ya nguo za nyumbani, kiatu kimoja kimefungwa, kingine bado. Alisimama ngazi mbili juu yake, akamwuliza kliniki ya huyo nesi iko wapi. Fundi akamwambia: nyuma ya posta, mlango wa pembeni.

"Utamwambia daktari kuhusu bibi? Mimi sijui la kusema. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema."

"Nitamwambia."

Fundi alijivuta asimame, akanyoosha mkono ashikilie mkono wa msichana. Mkubwa alirudi nyuma ngazi moja.

"Twende," akasema. "Lakini usiniguse."

Basi walikwenda hivyo, msichana mbele, Fundi nyuma yake hatua tano, mikono ameiweka mifukoni.